Kuku Nyuma ya Mvua

"Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza!" Siwatu alitangaza kwenye kipaza sauti, na banda zima la video likacheka. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za kigeni huku picha zikienda. Siku hiyo filamu ilikuwa ya Kiswahili, haikuhitaji mkalimani, lakini watazamaji walimtaka hivyo hivyo.

"Mwongozaji huyu, mtu akilia tu, anamnyeshea mvua," akasema. "Sasa akipiga chafya je? Si mafuriko!"

Mwanamume mmoja akasimama kwenye benchi la mbele. "Mwongozaji ni mimi. Niombe radhi."

Mwenye banda, Mzee Ngwali, akaja mbio. "Siwatu mwanangu, omba radhi, la sivyo nirudishie kipaza sauti changu na kazi basi."

Siwatu hakuwa na kazi nyingine. Akamgeukia mwongozaji. "Kaka, nikuulize kwanza. Huyo dada analia, kaloa chapachapa. Mbona kuku nyuma yake wanaoga vumbi?"

"Kuku gani?"

"Rudisha nyuma!" watu wakapiga kelele.

Picha ikarudishwa. Mwongozaji akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Kuku watatu walikuwa wakijipigapiga mabawa, vumbi likitimka.

"Miezi minane nimeihariri," akasema taratibu. "Sikuwaona."

Hakurudi kwenye benchi. Alibaki pale pale, akiwatazama.

"Radhi, Siwatu," Mzee Ngwali akasisitiza, mkono kaunyoosha.

Siwatu akamwekea kipaza sauti kiganjani. Alichosema baada ya hapo, hata waliokaa nyuma kabisa walikisikia.

"Siombi."