Bastola ya Marehemu Nashoni

Kabla ya kutaja bei yoyote, Ildefonce alichomoa magazini ya risasi kwenye bastola, akavuta sehemu ya juu nyuma na kuchungulia ndani. Tupu.

"Risasi nilizitoa mimi," Marwa alisema. "Kuna watoto hapa."

Ildefonce aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na leseni ya kuuza silaha kule Mwanza, na zile za kale alizitafuta kwa ajili ya watu wanaopenda kuzihifadhi. Marwa ndiye aliyempigia simu, aje Ringwani haraka kuangalia mali ya mdogo wake, marehemu Nashoni. Ng'ombe walikuwa wameshahamia kwa Marwa. Shamba la mtoni pia. Ilibaki bastola.

Kezia, mjane wa Nashoni, alimimina chai. Tangu mazishi alifanya kila kitu hivyo hivyo, kama mtu anayetumwa akiwa usingizini. Alichota maji, akafagia, akasonga ugali asioula. Hakulia. Chai ilifurika kikombe ikammwagikia vidoleni, naye akabaki anavitazama.

"Mama Gati, unaungua," Marwa alimwambia.

"Ahaa," alisema, akaondoa mkono.

Ildefonce alimhurumia. "Poleni sana. Marehemu alikuwa anaumwa nini?"

"Presha," Marwa alijibu upesi. "Alianguka tu. Haya, tuangalie mzigo."

Ildefonce aliikunja mikono ya shati, akatoa lenzi yake ndogo. Alisoma maandishi ya ubavuni, akapapasa mashikio ya mpira mgumu, akageuza bastola kwenye mwanga wa dirishani.

"Ya Ubelgiji hii. Ina miaka mia na zaidi. Ni zile za mwanzo mwanzo zinazojipakia zenyewe kila ukifyatua. Mliipataje?"

"Babu yetu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja aliyetafuta dhahabu huku. Mzungu alipoondoka akamwachia. Babu akampa baba. Mkubwa ni mimi, lakini baba akampa Nashoni. Bastola, ng'ombe, vyote."

Namba ya kwenye mtutu ilifanana na ile ya kwenye mwili wa bastola. Hakuna kipande kilichobadilishwa. Ildefonce alitabasamu; wateja wake walipenda kitu kama hicho.

"Itapata mtu, mzee. Tukielewana, tutapita nayo polisi Mugumu, umiliki ubadilishwe kihalali."

"Polisi wa nini tena?" Marwa alisogeza kiti. "Wewe chukua. Hata kwa bei ya mbuzi wawili. Sitaki ilale tena kwenye nyumba hii."

"Ngoja nimalize kwanza. Sinunui kitu ambacho sijakiona tumbo."

Akachukua bisibisi, akaifungua bastola, vipande vikalala kimoja kimoja juu ya kitambaa. Akashika kimoja, akakisogeza karibu na jicho. Akakwaruza kwa sindano. Akakwaruza tena.

"Mzee, bei itashuka," alisema hatimaye. "Haina pini ya kugonga risasi. Iliondolewa, na tundu lake likachomelewa. Tazama kutu ilivyoota pale palipochomelewa. Kazi hiyo ilifanyika miaka mingi sana iliyopita." Akacheka kidogo. "Mzungu wenu alikuwa mjanja. Alimpa mpishi wake zawadi, lakini hakutaka awe na silaha. Tangu imfikie babu yenu, hii haijatoa hata risasi moja. Ni pambo."

Marwa alikuwa anatazama kile kipande cha chuma mkononi mwa mgeni.

Kezia alikusanya vikombe kwenye sinia. Kisha akaliweka tena sinia mezani, taratibu. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyokaribishia chai.

"Shemeji, siku ile nilisikia mlio, nikakimbia, nikamkuta Nashoni amepasuka kichwa, hii bastola mkononi mwake, na wewe umesimama pembeni unaniambia amejiua, tuseme ni presha tusiaibike. Sasa ule mlio ulikuwa wa bunduki gani?"