Uvimbe wa Umio

Verena aliinua mkono pamoja na wenzake wote mwenyekiti alipouliza nani anakubali kwamba saratani ya panya waliopewa dawa mpya ya tumbo haiwahusu binadamu.

"Panya ana mfuko wa ziada tumboni, na uvimbe umeota humo tu," mwenyekiti alisema. "Kama kuna mwenye mfuko huo hapa Basel, ajitokeze tumpasue!"

Watu wakacheka. Verena naye akacheka.

Wiki iliyotangulia, alipokuwa akimpasua panya wa mwisho maabarani, kidole gumba chake kilipita juu ya umio wa panya huyo jike kikakutana na kitu kigumu, kidogo kama punje ya mtama. Umio hata binadamu anao. Alijiambia kuwa ni punje moja tu, na kwamba dawa hii imesubiriwa mno. Hakumwambia mtu.

Katibu wa kikao alimwekea kikombe cha kahawa, akainama sikioni pake.

"Ahsante, daktari. Mama yangu ataanza kuinywa dawa hiyo siku ileile itakayotoka. Tumbo linamtesa, maskini, hata supu haimkai."

Verena alisugua kidole gumba kwenye sketi yake, akasugua tena mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kisha akasimama.

"Keti bwana, Verena," mwenyekiti alisema, akikusanya karatasi zake. "Tumeshamaliza."

"Hatujamaliza," alisema. "Kuna panya mmoja nimewaficha habari zake."