Mama Patou Afunga Mulango

Mama Patou alitumbukiza suruali ya mutoto wake mu beseni ya maji, akamwaga sabuni juu, kisha akafunga mulango wa chumba kwa kofuli.

"Mama! Fungula!" Patou aliita toka ndani. "Leo iko maandamano. Wenzangu wananingojea!"

"Wakungojee mupaka wazeeke."

"Niliapa, mama! Nikikosa, watasema niko mwoga."

"Heri mwoga anayekula sombe ya mama yake jioni. Sikukuzaa kwa uchungu wote ule juu ya barabara ya mukubwa wa muji!"

Barabara yenyewe ilikuwa kicheko cha Bunia. Kila pesa yake ikitoka, mashimo yanabaki palepale, nyumba ya mukubwa inaongezeka etaji, ghorofa juu ya ghorofa. Mu mutaa wa Lumumba mabata yalikuwa yanaogelea katikati ya njia. Mukubwa aliyakuta, akafunga vioo vya jeep yake mupya, akaenda kusema kwa redio kama raia hawana shukrani.

Patou alipiga mulango teke. "Unataka nikae ndani sawa mwanamuke aliyezaa jana?"

"Nitakuletea na uji."

Jirani yake, Mama Michée, alichungulia juu ya ukuta wa matete. "Wako amenyamaza?"

"Bado anapiga mulango. Wako?"

"Wangu iko analia. Mwanaume wa ndevu!"

Walicheka, lakini Mama Patou alizidi kuisugua suruali kwa nguvu. Mwaka jana kijana wa nyumba ya tatu alikwenda kwa maandamano, akarudi muzima. Tangu siku ile halali usingizi, na mama yake haulizi alifanya nini.

Nyimbo zikasikika barabarani. Mama Patou akakata tawi la muti, alama ya amani, akakaza kikwembe kiunoni, akatoka. Mama Michée nyuma yake.

Raia walifika mbele ya buro ya mukubwa, mikono juu, bila hata jiwe. Mulangoni komanda wa polisi alikuwa amesimama peke yake, jasho linamutiririka, simu kwa sikio.

Simu ya Patou ikalia mu kikwembe cha Mama Patou. Akaipokea.

"Polisi Patou! Uko wapi? Watu wamejaa hapa, nani atawapiga?"

"Iko analala, komanda," Mama Patou akajibu, akainua tawi lake ili amuone vizuri.

Komanda akakata, akaita polisi Michée. Akaita mwingine, na mwingine. Simu zote zililia mu vikwembe vya wamama wa mustari wa mbele.