Moli Zilezile

Hamduni alimshika mdogo wake Sikudhani nywele, akambana ukutani. "We mtoto, umeleta?"

Sikudhani akaitoa chupa mkobani. Alikuwa ameagizwa aibe tindikali ya maabara ya shule, ili kaka yake akammwagie usoni Mwanahawa, yule jirani fundi cherehani aliyeikataa posa yake.

Asichokijua Hamduni ni somo la asubuhi ile. Mwalimu wa kemia alisema ukiizimua tindikali, moli zake, yaani kiasi cha tindikali yenyewe, hubaki zilezile, ila ukolezi hushuka kadiri unavyoongeza maji. Sikudhani aliiba matone mawili matatu tu, akayazimua kwa chupa nzima ya maji.

"Nitajuaje kama ndiyo yenyewe?" Hamduni akaukamata mkono wa msichana, akaumiminia.

Maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Yalikuwa ya baridi.

Sikudhani akapiga ukelele. Akagaragara sakafuni, akalia kama mtu anayechunwa ngozi angali hai. "Nakufa, kaka! Nakufa!" Hamduni akacheka, akaifunika chupa, akatoka mbio.

Msichana akaketi, akautazama mkono wake. Ulikuwa mzima, umelowa tu. Punde, kule kwa jirani, Mwanahawa akapiga yowe. Mara akasikika akisema, "Kumbe ni maji tu!" Kisha watu wakaanza kuangua kicheko, wengi, na jina la Hamduni likawa linatajwa katikati ya kicheko hicho.

Sikudhani hakucheka. Alizisikia hatua za kaka yake zikirudi mbio, naye akauchomoa mchi kwenye kinu kilichokuwa kando yake, akaukabili mlango.