Kafi la Nyuma

Mwaka 1968, mwishoni mwa kiangazi, ukoo wa Hiribae uliteremka mtoni kwa mtumbwi kuzuru ngome ya mababu iliyokuwa kisiwani. Kwa desturi yao, aliyeshika kafi la nyuma ndiye aliyeamuru safari. Mwaka uliotangulia aliyelishika alikuwa Buya, naye alimwacha Habona, mjane wa kaka yake, alale kisiwani peke yake kwa kuwa alikawia kwenye kaburi la mumewe.

Safari hii kafi lilikuwa mikononi mwa Habona. Buya alipokawia ngomeni, Habona aliusukuma mtumbwi.

“Shemeji, utani umezidi! Hapa pana mamba!” Buya alipaza sauti kutoka ukingoni.

“Hata mwaka jana walikuwapo, shemeji, nawe ulicheka.”

Jamaa waliinamisha nyuso. Habona alilizamisha kafi, na maji yakapanuka kati yao na kisiwa.