Jina Juu ya Mlango

"...na kile kipengele changu cha majina kimepita, mama, hakuna hata mmoja aliyekipinga!"

Tunu aliingia dukani akihema. Tangu amalize chuo alikuwa akiisaidia halmashauri kuandika mwongozo wa mabango na taa za maduka ya katikati ya mji. Sasa jina la mwenye duka lazima liwe kubwa kuliko la kampuni, na taa imulike kutoka juu, isiwe ya kuwaka na kuzima kama ya disko.

Mama yake alitazama nje. Ukuta wao ulipakwa rangi bure na kampuni ya soda, mwekundu wote, na mji mzima uliliita duka lile Kwa Soda.

"Na friji lao walilotuazima je? Wakilichukua?"

"Wakilichukua tutauza za moto."

Mama akacheka, akamwita Shomari, mchora mabango wa mtaa wa pili. Shomari aliupaka ukuta rangi nyeupe, ulipokauka akachovya brashi.

"Niandike Mama Tunu, sivyo?"

Mama akatikisa kichwa. "Andika jina langu mwenyewe, Mwanahawa."

Jioni taa ikawashwa. Jirani yao muuza viatu, aliyekunywa soda pale miaka yote, alisimama akasoma kwa sauti.

"Mwanahawa ndiye nani tena?"

Mama alikuwa katikati ya barabara, shingo ameiinua, hata kumtazama hakumtazama.

"Soma tena, shemeji. Habari zake njoo kesho, nikupe zote."