Mguu wa Kushoto

Mwanatabu aliwatilia shaka wageni tangu waliposhuka kwenye tuktuk pale Likoni. Kupitia mkalimani wao, walisema wamemleta mjukuu wake kutoka Uholanzi, yule aliyechukuliwa angali anatambaa, aje aijue asili yake.

Msichana alivua viatu mlangoni, akapiga goti. "Shikamoo, nyanya."

Mwanatabu aliinama, akamshika mguu wa kushoto, akapitisha kidole gumba kifundoni taratibu. Mjukuu wake alimwagikiwa mafuta ya viazi karai hapo, yakamwachia kovu nene. Ngozi hii ilikuwa laini. Akaushika na wa kulia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, akamfunika miguu kwa leso yake.

Kisha akamgeukia mkalimani.

"Huyu nimempokea. Sasa waulize, wangu yuko wapi?"